Mzabibu Wako Haujafa

Baba Salma, mume wangu,

Nimekaa jikoni, kwenye kiti cha upande wa dirisha, kile ulichokuwa hutaki mtu akikalie. Sasa nakikalia mimi na hakuna wa kuninyanyua. Huu ni mwezi wa nne wa eda. Ingekuwa Unguja, nyumba ingejaa mashoga na mawifi, hata nafasi ya kulia peke yangu ningeitafuta. Hapa ughaibuni, Kingsbury, kuna mimi, hita inayogongagonga ukutani, na mzabibu wako nje ya dirisha.

Unaukumbuka ule wa kwanza? Ndiyo kwanza tumehamia nyumba hii, miaka michache baada ya Mapinduzi kututoa kwetu. Dereva mwenzio wa basi, yule Mgiriki, alikupa mche. Baridi ilipoingia ukapukutika majani yote, kikabaki kijiti cha kuni. Sisi tuliozaliwa kwenye miti isiyopukutika tulijua nini? Nilikwambia, "Umekufa huo, ng'oa." Ukaung'oa. Ulipouvunja ili uingie pipani, ndani ulikuwa kijani kibichi, unatoka maji. Hukunilaumu hata kwa neno moja, na hilo ndilo lililoniuma, maana lawama ningejua namna ya kuijibu.

Hukupanda mwengine mpaka ulipostaafu. Mwaka jana ulipopanda huu, ulinionya kwa kidole: "Huu, Mama Salma, usimsikilize mtu. Baridi ikizidi, ufunike shina. Ikifika mwezi wa pili uupogoe, ubakishe macho mawili tu." Nikakucheka, nikasema fundi si upo, mimi wa nini. Mwezi wa kumi na moja ukaniacha.

Basi nimeufunika. Nimelizungushia shina gunia, na juu yake sweta yako ya kazini. Binti yetu alipokuja Jumapili aliutazama, akasema kwa Kiingereza chake kwamba mti ushakufa, najisumbulia nini kwenye baridi hii. Niliogopa, Baba Salma. Niliogopa kuukata nikaukuta mkavu ndani. Ulichokipanda kikinifia mikononi mara ya pili, ningekwambia nini?

Mwezi wa pili ulikuwa unakwisha na mimi bado sijathubutu. Jirani yetu Kantibhai, yule Mhindi wa Mombasa, alinisikia nakohoa bustanini. Anajua niko kwenye eda, kwa hiyo alisimama upande wake wa ua wa mbao, akanipa mgongo. Niliona kofia yake tu.

"Mama, mimi sikutazami. Lakini kata leo. Ukichelewa maji yatapanda, mti utavuja siku nyingi."

"Na kama umekufa?"

"Kata, utajua."

Nikapapasa kutoka chini, nikahesabu macho, vile vinundu vinavyotoa majani. Moja, mawili. Nikasema bismillahi, nikabana mkasi. Kijiti kikaanguka. Pale palipokatika palikuwa kijani, pana unyevu, na nilipopagusa kidole kikarowa.

Nikageukia mlango wa jikoni, nikaita kwa sauti, "Baba Salma, u hai! Njoo uone!"

Nikasimama kungoja uitike. Nilikuwa nangoja kweli, mkasi mkononi. Miezi yote ile nimevaa nguo za eda, nimepokea mikono ya watu, nimesikia hitima yako ikisomwa, na kumbe nilikuwa sijajua kwamba umekufa mpaka pale mlangoni palipokuwa kimya. Baadaye nikasikia mlango wa Kantibhai ukifungwa taratibu.

Habari hii ilikuwa yako wewe. Sina mwengine wa kumpa, ndiyo maana nimeiandika. Mungu akulaze pema, mume wangu.

Mkeo,
Mama Salma