Sajini Wangila, Aliyewaamuru Raia Walale Chini

Familia tukufu ya Sajini Mstaafu Wangila, wa Jeshi la Wanamaji, inautangazia umma wa Kitengela, Kajiado yote na dunia kwa jumla kumbukumbu yake ya mwaka mmoja. Yaani, Baba, ni sisi watatu na mbwa.

Mwaka umetimia tangu kamba ya meli ikuue bandarini Mombasa. Mama ametuagiza tuandike kwamba bahari na nyumba hii basi: mwanao Lennox akimaliza kidato cha nne ataenda ualimu.

Ulipostaafu jeshi mwaka 2003 ulifuga kuku. Hawakutii amri. Ukarudi majini kama raia, kwenye boti ya kuvuta meli kubwa hadi gatini. Vyeti vya jeshi havikukusaidia. Ulianza upya, ukisugua sitaha chini ya vijana.

"Mzee, hapa hatupigi saluti," walikucheka.

"Naona. Ndio maana kamba zenu zimelala kama matumbo ya mbuzi."

Ulitupenda kwa sauti kubwa. Ukisema "Chini!" tulilala sakafuni, hata tonge likiwa mdomoni. Siku Pasta Gakuru alipotutembelea uliitoa amri hiyo, tukalala sote, akabaki amesimama peke yake na kikombe cha chai. Ulicheka hadi ukatokwa machozi. Jeshini mtu hulala kwanza, huuliza baadaye.

Raia huuliza kwanza. Siku ile bandarini, kamba ya kuvutia meli ilipoanza kulia kwa kukazwa, ulipiga kelele, "Chini!" Kijana Muteti, mwenzako wa botini, akageuka: "Kuna nini, mzee?" Ukamtandika ngumi ya taya, akaanguka, meno mawili yakaruka. Kamba ikakatika, ikapita juu yake, ikakukuta wewe bado umesimama. Ilikuvunja mbavu na kukubamiza kwenye nguzo ya chuma. Muteti anasema damu yako ilimwagikia viatu vyake.

Nguzo ile imepakwa rangi ya njano, lakini bado imebonyea.

"Nani alikuambia ni ya njano?" Mama amesimama nyuma ya kiti changu. "Wewe Lennox! Si likizo ulisema uko kwa kina Wachira, Rongai?"

Nilikuwa Mombasa, Mama. Muteti alinipeleka. Hivi viganja havikuunguzwa na sufuria ya shule kama nilivyokudanganya. Nilishika kamba, ikanichuna. Na nataka kurudi.

Mama amevishika viganja vyangu, amevitazama muda mrefu.

"Andika majina," amesema. "Hiyo ya bahari tutaongea ukimaliza mtihani. Na umweke Muteti."

Tunaokukumbuka: mkeo Selpha, binti yako Immaculate, mimi Lennox, na Muteti. Hatutakusahau, Baba, tungali hai.