Kwa Daktari Aliyemfunga Mama Mkono

Mdogo wangu Beni,

Marahaba. Naitika kabisa, maana najua ungeanza na shikamoo, kisha uzunguke weee kabla ya kusema unachotaka. Juzi uliponipigia hukuzunguka. Ulisema hospitali moja ya Gaborone, nje ya nchi, imekupa kazi, kwa mshahara ambao hapa hatujawahi hata kuuota, na wanataka jibu kabla ya Ijumaa. Ukaniuliza, "Dada, niseme nini?" Kabla sijajibu, mama akaninyang'anya simu. "Rudi nyumbani, baba." Ukakata, na tangu hapo hupatikani. Ndiyo maana naandika, nimpe dereva wa basi akuletee huko mjini.

Unakumbuka mama alipopata kiharusi? Mkono wa kulia ulilala kabisa. Sisi wa hapa Mchombe tukampenda tunavyojua: nikamlisha, nikamvalisha, Mama Masanja jirani akawa analeta maziwa na kumnywesha mwenyewe. Ukaja likizo, ukatutazama siku nzima. Kesho yake ukachukua kanga, ukamfunga mama mkono mzima, ule wa kushoto, ukamwekea sahani ya wali. "Mama, kula." Kwa mkono mgonjwa! Wali ukamwagika mpaka kifuani. Mama analia, mimi nakupigia kelele, Mama Masanja huyoo, kaenda kutangaza mtaa mzima kwamba usomi umekutoa akili. "Ndiyo mlichofundishwa huko, kutesa wazazi?" nilikuuliza. Ukanijibu polepole, "Dada, mkono usipotumwa unasahau kazi." Na wewe ulikuwa unalia. Nilikuona, usibishe.

Leo mama anakula kwa mkono ule ule. Mtaa uliokusema vibaya sasa unaniuliza kila nikipita, "Yule daktari wako anarudi lini?"

Hapo ndipo panaponiuma. Ulirudi kweli ulipomaliza masomo, ukakaa mwaka mzima. Ulizunguka na vyeti vyako vya kutibu waliopooza mpaka bahasha ikachakaa, na kila ofisi wakawa wanakuuliza, "Daktari wa utengamao ndiyo nini? Mazoezi? Mbona mtu wa mazoezi tunaye." Mwisho wakakuweka chumba cha homa na kikohozi. Waliopooza ukawa unawaona kwenye korido baada ya saa za kazi, bila kitanda wala vifaa. Ulikuwa unarudi nyumbani hata hunitanii. Wewe! Uliyekuwa ukiuita ugali wangu zege! Nilikuwa nakuombea tu, sikuwa na kingine cha kukupa, mpaka ukafunga begi ukarudi mjini.

Watu watasema umefuata hela. Waache waseme. Umesoma miaka yote ile, nani kasema daktari wa kwetu lazima ale kwa kukopa? Na najua si hela tu. Kule kuna wodi nzima ya kazi yako, na wenzako wa kushauriana nao. Sikudanganyi, mdogo wangu, nataka urudi. Krismasi bila wewe, nani atauita ugali wangu zege? Ila sitaki tena kukuona mezani kwangu umenyong'onyea vile.

Jana jioni nilimwambia mama yote, taratibu, huku tunachambua mchele. Akauvuta ungo kwake. Nikadhani amenuna. Tukamaliza ungo mzima. Kisha akauliza, "Huko kuna baridi?"

Nikamwambia ipo, tena kali.

"Basi anunue sweta la maana. Asiende na vile vishati vyake."

Akafuta macho, akanikataza nisimtazame.

Wale wa Gaborone wajibu leo, usingoje Ijumaa. Halafu washa simu, baba. Mama anataka kukwambia mwenyewe uende.

Dada yako,
wa Mchombe