Uso wa Bibi kwenye Shuka Jeupe

Jumatatu, 10 Januari 1955

Skuli, kuchambua mchele, kisha Bi Parvin. Wiki nzima hivyo. Skuli mwalimu akiniuliza kwa Kiingereza natetemeka, jasho la mgongo, wenzangu wanacheka. Kwa Bi Parvin Kiingereza kinanitoka kama maji. Sijui kwa nini. Labda kwa kuwa hata kwake yeye si lugha ya kwao.

Mwajemi huyu, kazaliwa Bushehr, kaondoka kwao mdogo. Kazi yake kutengeneza filamu. Mwanamke! Anawapiga filamu watu waliohama: wachukuzi wa Basra, maskini wa Aden, na sasa sisi Wangazija wa Malindi, hapa Unguja. Mimi mkalimani wake. Yeye humuuliza kila mtu swali lile lile: usiku wa kwanza ulilala wapi? Bibi yangu, mama yake Baba, kacheka mpaka kakohoa.

"Watu wote huuliza kabila. Huyu anauliza kitanda!"

Nampenda Bi Parvin. Nshaandika, basi.

Alhamisi, 13 Januari

Bibi kakubali kupigwa filamu. Lakini kwa sharti. Ionyeshwe siku ya sinema ya wanawake tu, Jumapili mchana, milango imefungwa.

"Mwanamme asiye maharimu wangu hajaniona tangu nivunje ungo. Sitaanza leo, na meno yenyewe mawili."

Nikafasiri. Bi Parvin kasema atajaribu. Hakusema zaidi ya hapo.

Bibi kanitazama. "Kasemaje?"

"Kasema wallahi, Bibi."

Lilinitoka. Nilijua akisikia "atajaribu" atakataa, na Bi Parvin hatakuja tena nyumbani kwetu. Bibi kavuta pumzi. "Kama kaapa, basi."



Jumapili, 16 Januari

Leo Bi Parvin kampiga filamu Bibi. Mlango komeo, Baba katolewa nje. Bibi kavua mtandio, kafumua nywele. Nyeupe zote, ndefu, sikujua kama ndefu vile.

Kaeleza usiku wake wa kwanza Unguja. Yeye mtoto, na mama yake, wametoka Ngazija, hawana mwenyeji. Wakalala Forodhani juu ya magunia ya karafuu. Mama yake akamfunika kanga gubigubi wachukuzi wasimwone, akamwimbia chini ya kanga mpaka alfajiri. Na Bibi kauimba wimbo wenyewe. Huuimba mbele ya wanawake tu, tena kwa nadra. Tangu mama yangu mimi alipofariki sikuwa nimeusikia.

Bi Parvin alilia nyuma ya kamera. Nikafurahi kweli. Nikaisahau wallahi yangu.

Jumanne, 1 Februari

Bi Parvin kaondoka. Baba ni karani bandarini, kanichukua nimuage. Mikanda imo makoponi, inakwenda Ulaya kusafishwa. Nikamuuliza itarudi lini kwa sinema ya wanawake.

Kainama. Kasema filamu zote alizofanya, hana hata moja. Wanaomlipia mkanda ndio wenye filamu. Wanakata wapendavyo, wanaonyesha wapendapo. Basra hawezi kurudi tena kwa aibu, Aden vile vile. Kila anakofunguliwa mlango hugonga mara moja tu. Kaniuliza, "Nilisema nitajaribu. Ulimwambia hivyo?"

Nikasema ndiyo. Uongo wa pili.

Baba kanunua halua njiani. Sikuigusa.

Jumatano, 25 Mei

Sikukuu pili ya Idi. Mnazi Mmoja watu kama siafu. Lilikuja gari la sinema, likatundika shuka jeupe, bure kwa kila mtu. Nilisimama nyuma na binamu zangu. Kwanza wachumaji karafuu. Halafu meli. Halafu Bibi.

Mkubwa kama nyumba. Nywele wazi. Sauti ya Mzungu mmoja asiyeonekana imeyafunika maneno yake, hakuna linalosikika, si magunia wala kanga. Mpaka alipoimba, Mzungu kanyamaza, na wimbo ukasikika wote, mbele ya wanaume wote wa Mji.

Mmoja kapiga mluzi. Mwingine: "Tabasamu basi, bibi harusi, tuyahesabu meno!" Kicheko. Kisha sauti karibu yangu: "Ala! Huyo si Bi Mngazija wa Malindi? Mama yake yule karani?"

Nimekimbia. Kiatu kimoja kimebaki uwanjani.

Ijumaa, 27 Mei

Bibi hajui. Baba anajua, kaambiwa msikitini. Karudi, kakaa na kanzu yake mpaka usiku. Jirani zetu wanawake wanamwamkia Bibi kwa sauti ya msibani. Yeye anauliza, "Kwani kafa nani?"

Natamani niumwe.

Jumamosi, 28 Mei

Muuza njugu kapita kichochoroni. Badala ya kunadi njugu, anaimba. Ule wimbo. Maneno kayakoroga lakini ndio wenyewe. Watoto nyuma yake wanaitikia.

Bibi alikuwa anakuna nazi. Mkono ukasimama.

"Ruki."

"Naam."

"Nani kamfundisha yule wimbo wa mama yangu?"

Nikamwambia. Gari, shuka, wanaume. Kasikiliza, mkono juu ya kifuu.

"Lakini aliapa yule Mwajemi. Aliapa, Ruki."

"Hakuapa, Bibi. Alisema atajaribu. Niliyeapa ni mimi."

Nilitaka anipige. Angenipiga ningepona.

"Basi," kasema, "yeye sina neno naye."

Kainuka, kaenda kunawa. Nazi nimemaliza kuikuna mimi.

Jumatatu, 6 Juni

Mwalimu kaniuliza swali. Sikujibu. Kasema haya, jibu kwa Kiswahili. Sikujibu vile vile.

Jumapili, 19 Juni

Siku ya sinema ya wanawake. Wenzangu wamepita kunichukua, mabuibui mapya, manukato. Nimesema kichwa kinaniuma.

Bibi kakaa pale pale ukumbini, kajifunika kanga gubigubi. Siku ya ngapi tangu yule muuza njugu, sijui. Nyumba imefungwa, hamna mwanamme, Baba katoka. Hata mimi nikiingia anavuta upindo mpaka kidevuni, uso nisiuone. Chai naiweka sakafuni, naondoka, ndipo anakunywa.

Leo sikuondoka. Nimekaa na uso ukutani, nikisikiliza kama anaimba humo ndani ya kanga.

Wimbo hapana. Nimesikia kijiko. Kisha kikombe kimewekwa chini.