Kilima Kiko Nyuma ya Kiwanda cha Matofali

Wanangu, chai iko kwenye chupa. Anueni nguo, halafu vaeni raba. Msije na kandambili, leo tunapanda kilima!

Ndiyo, nimekipata! Wiki nzima mmekodolea simu macho mkitafuta pa kupanda na kurudi siku hiyohiyo, na kila mahali panataka gari. Kumbe ni hapa nyuma ya kiwanda cha matofali! Alfajiri nilifuata bomba la maji, nikapanda huku natweta, na jua lilipochomoza nilikuwa kileleni. Jamani, mtaa mzima uko miguuni!

Hata paa letu linaonekana. ~~Baba yenu msimwambie.~~ Bora asome mwenyewe.

Baba watoto, wewe ambaye magoti yako hayawezi ngazi, juu ya paa ulifikaje? Fulana nyekundu ni yako, na moshi ulikuwa wako. Si uliniapia umeacha sigara? Nimeumia, nikacheka, nikarudi, nikakukuta unakoroma kama malaika.

Pakiti uliyoificha nyuma ya tangi ninayo mfukoni. Natangulia kileleni. Ukiitaka, ifuate.

Mama watoto