Mume Wangu Alimwambia Kocha Kwamba Nina Kifafa

Dada mshauri, nisaidie kabla sijafanya la kujutia, maana kwa hasira niliyonayo nimevunja sindano tatu za cherehani tangu Jumatatu. Mimi ni fundi wa nguo, nina miaka arobaini na tisa, na mgongo ulipoanza kunisumbua kwa kuinama kutwa daktari akaniambia nifanye mazoezi, nikajiunga na watu wanaopiga makasia ziwani kila Jumamosi asubuhi, mume wangu akacheka, eti mama mzima unakwenda kuchezea maji, lakini nilipenda, dada, ukishaliacha gati nyuma unasikia makasia na pumzi zako tu. Mwezi wa nne kocha akasema niko tayari kuvuka na wenzangu hadi ng'ambo, nikafurahi nusura nilie, kumbe wiki iliyofuata hanitazami usoni, ananiambia, "Mama, wewe kaa ufukweni utushikie mataulo." Wiki sita nimeshika mataulo! Jumatatu mke wa kocha akaja kupimwa gauni, akaniuliza kwa huruma, "Na kile kifafa, dawa zinasaidia?" Kifafa? Sijawahi hata kuzimia! Kumbe mume wangu alimpigia kocha simu. Nilipombana akasema, "Niliogopa utazama. Ningekukataza, ungenisikia?" Kesho yake nikachukua mashua ya kocha peke yangu, bila jaketi la kuokolea, bila kumwambia mtu, upepo ukanibana huko katikati, maji yakajaa nusu mashua, nikarudi sijui vipi. Sasa nalala chumba cha kushonea. Nimwache?

Fundi

Fundi, barua yako niliisoma nikaitupa mezani kwa hasira. Mwanamume mzima, na akili zake timamu, anashika simu kumtungia mkewe ugonjwa! Pole sana. Kama aliogopa, angekuambia naogopa. Yeye kakuvunjia heshima mbele za watu, halafu wiki sita anakuona unarudi mnyonge, anakula, ananyamaza. Asije akaliita hilo mapenzi.

Ila na wewe nikukaripie. Bila jaketi! Peke yako, na upepo ule! Ulikuwa unamkomoa nani? Ungezama, kila mtu angesema ni kifafa, na mumeo angeaminiwa mpaka kufa kwake. Usirudie, na habari ya ile mashua kocha aisikie kwako, si kwa majirani.

Jumamosi hii nenda na mumeo ziwani. Aseme kwa mdomo wake, mbele ya wale wale, kwamba alidanganya. Usimsaidie hata neno moja. Beba na barua ya daktari inayosema huna kifafa. Kocha naye umuulize: mimi nilikuwa nimesimama mbele yako, mbona hukuniuliza?

Mumeo akikataa kwenda, niandikie tena hilo swali lako la kumwacha, nitakujibu bila kumung'unya maneno. Akienda, chumbani utarudi siku utakayotaka wewe, na asikuharakishe.