Ndevu za Nadhiri

Jumatano 15 Juni 1994. Asubuhi ilikuwa ya baridi na vumbi.

Jaël, ninakupigia chapa haya kwa mashine ya darasa la jioni. Nimeaibika.

Mwenye sindano ya umeme, yule anayewaondolea wanawake nywele za usoni, alisema niache ndevu za kidevu zikue kwanza, ndipo achome mizizi. Bamama wa kikundi chetu cha maombi wakadhani ni nadhiri kwa Mungu ya kutonyoa. Wakanisifu. Nami nikanyamaza. Nilinyamaza, Jaël.

Leo nimefika kwenye maombi na kidevu laini, chekundu, kimevimba kama andazi. Mama Orpa, kiongozi wetu, akauliza: "Weye, umevunja nadhiri?" Wakatangaza mfungo wa siku tatu kuniombea, na siku hizi unga wenyewe ni wa kubahatisha.

Nikasimama mbele ya wote: "Bamama, hakuna nadhiri. Ni sindano. Mukule. Hizo siku tatu nitafunga miye."