Kidonge cha Majirani

(Barua hii ilisomwa katika kipindi cha asubuhi cha redio ya wilaya. Majina yamebadilishwa.)

Shangazi Xing mpendwa, shikamoo. Nakuandikia kwa sababu jambo lililonipata siwezi kumwambia mtu yeyote wa hapa kwetu, na wewe hunijui wala hutakutana nami kisimani ukanitazama usoni, kwa hiyo nakusihi unisaidie, na usinihukumu kabla hujafika mwisho.

Mchumba wangu anaitwa Yaguang. Kazi yake ni kupanda mlimani kutafuta udi, na akipanda anakaa msituni siku nyingi akilala juu ya majani, maana watu wa Hainan tunaoishi chini ya milima hii tunajua udi haumngojei mtu anayerudi kulala nyumbani. Alipokuja kuniposa mara ya kwanza, baba alimwangalia kuanzia miguuni hadi kichwani, akamwambia, "Kijana, shamba la mpunga huna, nyati wa kulimia huna, una harufu tu. Binti yangu atakula harufu?" Popoo za posa alizoleta akarudishiwa zote na kikapu chake, na watu wakacheka mwezi mzima.

Mvua zilipoanza, Yaguang akashuka mlimani na homa, meno yanagongana, akaangukia kwa shangazi yake ambaye ua wake umepakana na wetu. Dada Luo, mhudumu wetu wa afya, akamtoboa kidole, akaitazama damu kwenye darubini yake, akasema ni malaria, ile aina mbaya. Akampa dawa. Baada ya siku chache Yaguang alikuwa ameketi anadai wali. Mwishoni Dada Luo akamwachia kidonge kimoja cha aina nyingine, akamwambia ale kwanza ashibe ndipo akimeze, kwa sababu kinauma tumbo lisilo na kitu. Kula akala. Kidonge akawa anakigeuzageuza kiganjani, akaniuliza mimi niliyekuwa nimempelekea mchuzi.

"Hiki cha nini tena? Homa si imekwisha?"

"Dada Luo kasema umeze."

"Binamu yangu alimeza hiki akakojoa kama chai iliyolala. Tena wanasema kinamaliza mgongo. Unataka mume asiye na mgongo?"

"Nani kakwambia wewe ni mume?"

Akacheka, akakirusha uani kwa bata. Bata mmoja akakidonoa, akakimeza, akaenda zake. Na mimi nikacheka, Shangazi.

Akabaki kwa shangazi yake kurudisha nguvu, na kila jioni alikuwa barazani kwetu kifua wazi, mbu wanajilia tu, yeye hata hawafukuzi. "Mbu wenu hawa watoto wadogo," anasema, "wa mlimani ndio mbu." Baba hakumfukuza kwa sababu tulikuwa tunaezeka upya, na Yaguang akiwa juu ya paa anafanya kazi ya watu watatu.

Paa likaisha. Halafu mama akaugua. Akaanza na kichwa, tukadhani jua. Kesho yake akawa anatetemeka, na keshokutwa anazungumza na dada yake aliyekufa zamani, anamwuliza mbona hajaleta vyungu. Wifi yangu naye akalala, na baba mwenyewe akawa anatembea akishika kuta. Dada Luo alikuwa ameitwa kijiji cha mbali. Baba akasema ni mizimu ya ukoo imekasirika kwa kuwa tumeng'oa paa la zamani bila kuiaga, akaagiza aitwe mganga na akamatwe nguruwe.

Yaguang ndiye aliyesimama katikati ya nyumba akasema, "Mzee, unisamehe, hii si mizimu. Hii ni malaria. Mimi naijua, imenikuta mwenyewe."

"Na wewe lini umekuwa daktari?"

"Sijawa. Lakini mama akikaa hapa mpaka nguruwe achinjwe, tutamla nguruwe matangani."

Hakungoja jibu. Alimfunga mama mgongoni kwa kitambaa cha kubebea mtoto, akavuka mto uliokuwa umefurika, maji yakimfika kifuani, akatembea naye mpaka hospitali. Wakamchoma sindano zinazotokana na mmea wa qinghao. Akapona. Daktari alisema wangechelewa kidogo tu tungekuwa tunazungumza mengine. Baba na wifi wakatumiwa vidonge kutoka hukohuko.

Shangazi, baba yangu hajawahi kumwomba mtu radhi. Lakini alipopata nguvu alikwenda mwenyewe kwa shangazi yake Yaguang, amebeba gudulia la pombe ya wali, akamwambia, "Mwanangu, lete popoo zako." Sasa kijiji kizima kinamwita Daktari Udi. Mtoto akikohoa wanamwita. Anawahutubia watu kuhusu malaria mpaka wanasinzia, na kila akifika pale alipombeba mama mtoni analia kweli. Mama naye anasema huyu ndiye aliyemrudishia pumzi.

Sikiliza sasa. Dada Luo aliporudi alipita kutupima damu wote, nami nikawa namshikia vioo vya kupakia damu. Akasema, "Hapa kijijini hapakuwa na malaria, na mama yako hajapanda mlimani. Kuna aliyeleta." Nikamwuliza mtu aliyekwisha kupona ataletaje. Akanieleza kwamba dawa za mwanzo zinaua vimelea vinavyoleta homa, ndiyo maana mtu anainuka na kudai wali, lakini vipo vingine, vyenye umbo la mundu, ambavyo havimsumbui mgonjwa hata kidogo. Vinakaa kwenye damu kwa wiki kadhaa vikingoja mbu aje avinywe, avipeleke kwa mwingine. Kile kidonge cha mwisho ni cha hivyo. "Si cha mgonjwa," akasema, "ni cha majirani."

Kisha akaniuliza, "Yaguang alikimeza?"

Nikasema, "Alikimeza." Sijui kwa nini. Mdomo ulijibu wenyewe.

Kwa hiyo nimepata mchumba kwa sababu mbu walimwuma yeye wakaja wakamwuma mama yangu, na ni mimi peke yangu ninayejua. Ningeyameza haya mpaka uzeeni, lakini Yaguang amepanda tena mlimani kutafuta udi wa harusi, ameshuka tena na homa, ametibiwa tena, sasa ni mzima, anaimba. Sherehe ni mwisho wa mwezi. Wageni watatoka vijiji vyote vya bondeni na watalala nje, barazani na chini ya ghala. Na kidonge cha mwisho kiko mfukoni mwake. Nimemwambia akimeze, anasema, "Baada ya sherehe, mpenzi. Siku ya pombe si siku ya dawa." Nikimweleza kwa nini, atajua kuwa alimbeba mama baada ya kumwangusha yeye mwenyewe. Nikimweleza baba, popoo zitarudi na safari hii na mimi nitazifuata. Nikinyamaza, naogopa. Nifanye nini?

Ni mimi,
Niliyecheka

SHANGAZI XING ANAJIBU

Binti yangu, marahaba. Barua yako niliisoma mara moja nikacheka na bata wako, nikaisoma tena nikapiga ile namba ya kijijini kwenu uliyoiandika nyuma ya bahasha, nikaomba uitwe, kwa sababu posta yetu unaijua na sherehe haitaisubiri. Uliyoyasikia kwenye simu nayarudia hapa kwa faida ya wengine, wewe vumilia kuyasikia tena.

Umeniandikia kurasa nne. Katika kurasa hizo unamhurumia Yaguang, unamhurumia baba, unajihurumia wewe kuliko wote. Wageni wako wamepata mistari miwili. Watu wanakuja kula nguruwe wenu na kukuombeeni watoto, na wewe unawaza kama utaachika. Naelewa, nilikuwa na umri huo. Lakini hesabu yako imekaa kichwa chini miguu juu.

Nimemwuliza daktari mmoja anayeshughulikia malaria hapa mjini, kasema Dada Luo wenu hajakosea neno. Mtu anaweza kujisikia mzima kabisa huku damu yake ni karamu ya mbu. Homa kuisha ni habari njema kwa aliyekuwa na homa, basi. Kwa hiyo kabla ya mapenzi, kabla ya popoo, kidonge kiingie tumboni leo. Ashibe, akimeze mbele ya Dada Luo, afungue mdomo aonekane.

Ila hapa nakukataza kumlazimisha gizani. Ile habari ya binamu na mkojo kama chai si porojo tupu. Kuna watu, na katika kisiwa hiki si wachache, ambao damu yao haipatani na dawa ile. Mara nyingi ndio haohao wakila maharage mapana wanageuka njano na kuishiwa nguvu, na jambo hilo hutembea kwenye ukoo. Amweleze Dada Luo habari za binamu, aamue yeye kama atampa, na kwa kiasi gani. Akisema asubiri, basi bwana harusi atalala ndani ya chandarua kilicholowekwa dawa, na atavaa shati jioni hata kama kifua chake ni kizuri. Ikibidi sherehe isogezwe, isogezwe. Nguruwe hatalalamika.

La pili, umrudie Dada Luo umwambie ulimdanganya. Utaona aibu. Ona aibu, halafu endelea kuongea. Yeye alikuwa anatafuta ugonjwa ulikotokea ili ajue nyumba zipi apime, na wewe ukamwelekeza njia isiyoenda popote.

La tatu, Yaguang. Unamficha kama yai. Mwanamume aliyevuka mto uliofurika na mtu mgongoni ataweza kubeba sentensi moja. Mwambie uliyoambiwa na Dada Luo, yote, na umwambie kuwa na wewe ulicheka. Kwa baba yako aende yeye mwenyewe kwa mdomo wake, wewe usimtangulie. Baba alimpa binti kwa sababu alimwokoa mkewe. Kumwokoa alimwokoa, hilo halifutiki. Ila mzee ana haki ya kutoa binti akiwa anajua yote. Akirudisha popoo, utalia, na majirani watakuwa wazima wakikuliwaza. Ndoa iliyojengwa juu ya kidonge kilichomo tumboni mwa bata ni afadhali itikisike sasa.

BARUA YA PILI, ILIYOFIKA BAADAYE

Shangazi, shikamoo. Nilifanya kama ulivyosema, ila si kwa mpangilio wako. Nilianza na Yaguang kwa sababu nilimkuta njiani. Alinisikiliza amechuchumaa, anachora chini kwa kijiti. Nilipomaliza aliuliza kitu kimoja tu, "Mama yako anajua?" Nikasema hapana. Akainuka akaenda moja kwa moja kwa Dada Luo. Dada Luo alimhoji sana juu ya binamu na maharage, akampima, kisha akampa kidonge mwenyewe na kuagiza sherehe isogezwe mpaka dawa ifanye kazi, na siku zilizofuata akawa anamwuliza rangi ya mkojo wake mbele za watu. Mimi nilipokiri uongo wangu aliniambia maneno ambayo siwezi kuyaandika. Nyumba kumi na zaidi zimepimwa.

Yaguang alikwenda kwa baba jioni, amevaa shati. Alisema yote akiwa amepiga magoti, na hakujitetea. Uso wa baba ukawa mweusi, mkono unatafuta kikapu cha popoo. Mama ndiye aliyejibu kutoka jikoni.

"Kumbe siku ile mtoni alikuwa amebeba mzigo wake mwenyewe?"

Akatokea mlangoni na upawa mkononi.

"Basi aendelee kuubeba. Mimi sina nguvu za kutafuta mkwe mwingine."

Baba bado hajamkaribisha pombe. Lakini juzi alimwita aje kuangalia ghala linalovuja.

SHANGAZI XING

Nimefurahi, binti, na mama yako nampa salamu zangu za heshima. Baba mpe muda, na ghala livuje polepole.

Sasa ninyi wengine. Tangu barua ya kwanza isomwe hewani nimepokea barua nyingi kuhusu kidonge hiki. Zote zimetoka kwa wanaume, na zote zinauliza kama kinapunguza nguvu za mgongo. Hakuna hata mmoja aliyeuliza habari za mama mkwe wake. Jibu ni kwamba hakipunguzi. Mwulizeni mhudumu wa afya, mwelezeni habari za ukoo wenu bila kuficha, na akisema mezeni, mezeni hapohapo mbele yake.